Mwanangu anasoma "kiti" kama "kaitai". Nikope nimhamishe shule?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Wa kwanza ni wa kiume, katimiza miaka sita na sasa yuko darasa la kwanza, shule ya serikali hapa jirani. Mdogo wa kike ana mitatu. Baba yao ni dereva wa lori, njia ya Tunduma. Anaweza kukaa wiki mbili barabarani, akirudi analala kutwa nzima, kesho yake anapakia tena. Mimi nakaanga vitumbua. Naamka saa tisa usiku, ikifika saa kumi na mbili asubuhi niko barazani nauza. Mchana nanunua nazi, naloweka mchele, nasaga, na siku imekwisha.

Shida ni huyu mkubwa. Mwalimu wake aliniita akasema wenzake wameanza kuunganisha silabi, yeye bado. Kwenye daftari kaandika kwa kalamu nyekundu: "Mzazi amsaidie mtoto kusoma nyumbani." Nikaanza kukaa naye kila usiku. Ukimwonyesha "baba" anasoma vizuri tu, kumbe anaangalia picha. Nikiziba picha ananyamaza. Nikimlazimisha anatoa maneno ya ajabu. "Kiti" anasema "kaitai". "Bata" ikawa "beitei". Juzi "meza" kaisoma "mizei", mdogo wake akacheka mpaka akajimwagia uji, na yeye akalia. Halafu b na d anazichanganya kila siku.

Kinachoniuma zaidi, huyu mtoto alisoma chekechea hapa mtaani miaka miwili na alikuwa anaongoza. Alikuwa anaimba herufi zote kwa Kiingereza, A mpaka Z bila kukosea, na "A for apple" anaitamka hata usingizini. Siku ya mahafali alivaa joho, tukapiga picha, baba yake akaiweka kwenye kioo cha lori. Sasa kimetokea nini?

Wifi yangu anasema mtoto ana kichwa kizito. Jirani yangu wa kwake yuko shule ya Kiingereza, akipita hapa anasalimia kwa Kiingereza, wateja wote wanageuka. Mume wangu kwenye simu anasema nichukue mkopo VICOBA tumhamishie huko. Ada yake kwa mwaka inakaribia milioni moja na nusu. Wakati tunalifikiria hilo, tumempeleka tuisheni, mia tano kwa siku, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Watoto ni chumba kizima na mwalimu anatembea na fimbo. Siku hizi ikikaribia saa tisa na nusu mwanangu anaumwa tumbo, na mara mbili nimekuta kaficha begi uvunguni. Akirudi anakula, tunashika daftari mpaka saa nne usiku, na asubuhi namwamsha saa kumi na moja na nusu.

Na huyu mdogo, ili nifanye kazi zangu, nampa simu aangalie katuni. Anajua rangi zote kwa Kiingereza. Nifurahi au niogope?

Mimi mwenyewe niliishia la saba. Kusoma najua, kufundisha sijui. Nikope?

Mama Vitumbua, Morogoro

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hiyo "kaitai", maana barua yako nzima imo humo. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na nikikuta mtoto anasoma hivyo moyo unatulia. Mwanao anasoma. Anasoma kwa majina ya herufi aliyofundishwa chekechea.

Tazama alichofanya. Kwenye wimbo wa Kiingereza, herufi i inaitwa "ai". Kakutana na k, katoa sauti yake sawasawa. Kakutana na i, kaiita jina lake: kai. Kaja kwenye t, sawa. Kaja tena kwenye i: tai. Kaitai. Huko ndiko kuunganisha silabi ambako mwalimu anadhani hakujaanza! Angalia na "meza". E kwa Kiingereza huitwa "ii", a huitwa "ei". M na "ii" ni mi, z na "ei" ni zei. Bata nayo ni vilevile. Mtoto mzito hakosei kwa mpangilio namna hii. Huyu kapewa kanuni miaka miwili, akapigiwa makofi, akavalishwa joho, na leo anaifuata kanuni ileile kwenye lugha isiyo na kanuni hiyo, kisha anachekwa. Mimi nisingelia tu, ningeficha na begi.

Unaweza kuhakikisha leo jioni bila mimi. Muandikie neno "popo" kwenye karatasi isiyo na picha. Jina la Kiingereza la herufi o linakaribiana sana na sauti yetu, kwa hiyo hapo atapita, au atakosea kidogo sana. Kisha muandikie "kuku". Akikwambia "kyukyu", umeshajua ugonjwa, na wote mliomo ndani mbane vicheko.

Basi kinachotakiwa kurekebishwa ni irabu tano tu: a, e, i, o, u. Konsonanti nyingi kwa maelezo yako anazitoa vizuri. Usirudi mwanzo wa kitabu, usimkalishe na ukurasa. Funga kitabu kabisa kwa siku kadhaa mcheze na irabu peke yake. Tafuta vizibo vitano vya soda, andika irabu moja moja ndani kwa kalamu ya wino mzito. Wewe unakuna nazi, yeye anachomoa kizibo kimoja mfukoni, anatamka. "A" mdomo wazi kama mtu anayeonyesha koo kwa daktari. "I" meno yanaonekana. "U" midomo inachongoka. Mwambie aangalie mdomo wako, kisha wewe utamke bila sauti yeye akisie ni ipi. Watoto wanaupenda mchezo huo kupita kiasi na hauhitaji meza wala taa. Na kama akisema "ei", usimwambie "umekosea". Mwambie, "hilo ni jina lake la Kiingereza, hapa nyumbani inaitwaje?" Ile kazi yake ya miaka miwili isigeuke kuwa kosa. Iko siku ataihitaji.

Irabu zikikaa, ndipo uingie kwenye silabi, na hapo Kiswahili chenyewe kitakubeba. Irabu zetu hazibadiliki. A ya "baba" ndiyo a ya "mama", "taa" na "karanga", popote utakapoikuta. Kwa Kiingereza a ya "cat" si a ya "cake", na mtoto wa Kiingereza hutumia miaka kuzoea vituko hivyo. Wa kwetu akishashika irabu tano na namna ya kuzibandika kwenye konsonanti, mlango umefunguka. Anza na silabi zenye herufi mbili: ma me mi mo mu, kisha ta, ka, na, la. Kwa b, t na k usihangaike kuitamka herufi peke yake, utaishia kusema "bii" au "bu" na kumchanganya upya. Nenda moja kwa moja kwenye "ba". Mkiwa na silabi hizo tisa tu mkononi mna maneno chungu nzima: mama, mana, kata, taka, lala, kama, tamu, lami. Silabi za herufi tatu kama cha, sha, nda, mba zinafuata baadaye, na zile ngumu kama ng'o na mbwa ni za mwisho kabisa. Usizikimbilie kwa kuwa mtoto wa jirani kazifikia.

Hiyo b na d isikunyime usingizi. Kikombe ukikigeuza mkono kulia au kushoto kinabaki kikombe, na mtoto ameishi miaka sita akijua hivyo. Leo anaambiwa kitu kilekile kikigeuzwa kinakuwa kingine. Inachukua muda. Usizifundishe siku moja. Malizeni b kwanza, kwa kuandika zaidi kuliko kusoma: mwage unga kidogo kwenye sinia, aandike kwa kidole, kijiti kwanza halafu tumbo. B ikishakaa wiki mbili tatu ndipo uilete d, ambayo huanza na tumbo.

Sasa tuisheni. Muachishe. Sitazunguka hapo. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba analala saa nne na kuamka saa kumi na moja na nusu. Hayo ni masaa saba na nusu. Mtoto wa umri wake anahitaji kati ya masaa tisa na kumi na mawili. Kila siku anaamka na deni la usingizi, anakaa darasani macho mazito, mwalimu anaona haelewi, wewe unaongeza masomo usiku, na deni linakua. Shilingi mia tano unayolipa inanunua uchovu na fimbo. Maumivu ya tumbo yanayokuja saa tisa na nusu yanatoka chumba kile. Tena huko pengine wanaendelea kumuimbisha herufi zilezile za Kiingereza, maana tuisheni nyingi za mitaani ndizo zinazojua. Saa mbili usiku alale. Daftari la usiku nalo lifungwe. Dakika kumi za mchana akirudi shule, kashiba na hajachoka, zinazidi masaa mawili ya usiku.

Ulichoniuliza hasa ni mkopo. Usikope.

Hofu ya mume wako naielewa na si ya kijinga. Sekondari masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, kila mzazi Tanzania anajua, na anayeogopa mwanawe atakwama kidato cha kwanza ana sababu. Lakini tatizo la mwanao leo ni kwamba irabu za Kiingereza zimeingia kwenye usomaji wake wa Kiswahili. Ukimhamishia Kiingereza chote, utakuwa unamwambia ajifunze kusoma kwa lugha asiyoisema, nyumba ambayo hakuna wa kumjibu, na darasa analoingia wenzake wamemtangulia. UNESCO ilishapendekeza tangu 1953 kwamba mtoto aanzie kusoma kwenye lugha anayoizungumza, na sababu yake hata mkaanga vitumbua anaiona: mtoto akisoma neno "nazi" anajua mara moja kama amepatia, kwa sababu nazi anaijua. Akisoma neno la lugha asiyoijua hana cha kumwambia kama ni sawa au si sawa. Atakariri. Na ujuzi wa kusoma ukishapatikana katika lugha moja unahamia kwenye nyingine. Hafundishwi mara mbili. Kiingereza atakisoma shuleni kama somo, na akishajua kusoma kweli atakipokea vizuri zaidi.

Kuhusu mtoto wa jirani, siwasemi vibaya wenye shule hizo. Ziko zenye walimu wazuri kweli. Ila siku akipita hapo na salamu zake, usimpimie kwazo. Salamu hukaririwa. Mfungulie ukurasa ambao hajawahi kuuona, zibe picha, umsikilize. Ukishamsikia hutaniandikia tena habari zake. (Fanya hivyo kwa upole, na si mbele ya mama yake.)

Umeniambia kufundisha hujui. Mwanangu, wewe unafungua darasa la hesabu kila alfajiri. Chuma chako cha vitumbua kina matundu mangapi? Tuseme saba. Mkaango mmoja saba, wa pili kumi na nne, wa tatu ishirini na moja. Jumamosi ambapo haendi shule, mkabidhi kazi ya kuhesabu: kila mkaango ukitoka aweke kokoto moja kwenye kopo, mwisho akuambie vimetoka vingapi. Ataanza kwa kuhesabu kimoja kimoja, na uache ahesabu. Baada ya wiki kadhaa atagundua njia ya mkato mwenyewe. Mpe na kazi ya chenji. Kitumbua mia mbili, mteja katoa sarafu ya mia tano kanunua viwili, arudishe ngapi? Akikosea mteja atamrekebisha, na wateja wa vitumbua wana huruma kuliko walimu wa tuisheni. Mkiwa mnahesabu, msikilize kwenye ishirini, thelathini, arobaini. Kumi na moja mpaka kumi na tisa hujieleza zenyewe, lakini hayo makumi yana majina ya kukaririwa moja moja, na ndipo watoto wengi hujikwaa. Hapo ndipo uweke wimbo wako.

Na umruhusu acheze mdako. Nasikitika kuona watoto wa mjini wanausahau. Kishimo, kokoto kumi na mbili, jiwe moja unalirusha juu, kabla halijashuka umechota kokoto nje ya shimo, unazirudisha unabakisha moja. Raundi ya pili unabakisha mbili mbili, ya tatu tatu tatu. Mtoto anayecheza mdako anagawanya na kutoa kwa kasi ambayo kwenye daftari haipo, na mkono unapata wepesi utakaomsaidia kushika penseli. Miaka ya 1980, Mombasa ilipoanza shule za awali za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, mpango uliofika baadaye Zanzibar na Uganda, walimu walifundishwa kujitengenezea vifaa kwa vitu vya hapo hapo mtaani, yaani vitu vya aina ya vifuu, mbegu na vizibo. Akina mama wengi waliofundisha humo hawakuwa na vyeti vikubwa. Nawataja ili ujue kwamba la saba yako haikukoseshi kitu katika kazi hii.

Lugha nayo ukaiingize kwenye kazi. Mnapotwanga au kukuna nazi, pigeni makofi kwa silabi: ki-tu-mbu-a, makofi manne. Na-zi, mawili. I-li-ki, matatu. Mtoto asiyesikia vipande vya neno kwa sikio hawezi kuvisoma kwa jicho, na makofi ndiyo yanayovitenganisha. Kisha mbadilishe au muongeze kipande kimoja: bata, bati, bahati. Usiku, mahali pa daftari, weka vitendawili. "Kuku wangu katagia miibani." Akishindwa akupe mji, ukiukubali umwambie jibu ni nanasi. Kama hakuna hadithi mpya kichwani, Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule za msingi bure, na mradi wa African Storybook una hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili ambazo nazo ni za bure. Bando la katuni linatosha kuzifungua. Msomee wewe, polepole kama ulivyo. Akiona mama anafuata mstari kwa kidole na kujirudia anapokosea, atajua kusoma ni kazi ya kawaida kama kusaga.

Baba yake nimemwacha hapa makusudi, kwa sababu nafikiri yeye ndiye mwenye kitabu kizuri kuliko vyote, na anakipitia kila safari. Chukua kipande cha boksi, chora barabara, uandike miji yake kwa mfuatano: Mikumi, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, Vwawa, Tunduma. Bandika ukutani usawa wa macho ya mtoto. Kila jioni baba akipiga simu, aseme yuko wapi, na mtoto autafute mji huo kwenye boksi na kuweka alama. Mikumi ni silabi za herufi mbili tupu, mi-ku-mi, hata sasa anaweza akishajua i na u zake. Ilula nayo. Iringa na Mafinga zinamletea nga, Makambako mba, Tunduma ndu. Vwawa ni mtihani, tena hata watu wazima huwapinda ulimi, atakaposhindwa baba amcheke pamoja naye na amtamkie. Mwambie tu kwamba M kubwa ya Mikumi ina sauti ileile ya m ndogo.

Na mume wako simu yake isianze na "umefundishwa nini leo". Amweleze alichokiona. Barabara hiyo inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, na dereva wa usiku ana habari za tembo kuliko vitabu vyote. Mtoto aulize maswali, baba ajibu, hata kama ni dakika tano. Watoto hujifunza maneno kwa kuzungumza na mtu anayewajibu, na msamiati huo ndio atakaoukuta baadaye kwenye kurasa. Akishapata nguvu, zamu igeuke: mtoto amsomee baba mistari miwili kwenye simu. Baba akiwa Makambako haoni picha, kwa hiyo hakuna wa kudanganyana.

Tukija kwa huyu mdogo. Furahi kidogo, uogope kidogo. Rangi kwa Kiingereza hazina madhara. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka mitatu na minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo cha simu au televisheni, na pungufu ni bora zaidi. Ubaya wa simu ni kwamba haimjibu. Akisema neno visivyo, katuni inaendelea. Na ukimwacha na nyimbo za herufi pekee, miaka mitatu ijayo utaniandikia tena kuhusu "mizei" ya pili. Mpe sufuria kuukuu, maji na mchele kiganja kimoja aloweke wa kwake. Atachafua. Atauliza maswali elfu. Yajibu unayoweza, mengine mwambie subiri nimalize hapa. Simu ibaki kwa saa ile moja ya kusaga, wakati mashine inapopiga kelele na huwezi kumsikia.

Mwisho, rudi kwa mwalimu wa shule. Kakuandikia umsaidie mtoto na hakukuambia kivipi, lakini usimkasirikie. Madarasa ya kwanza ya mjini yenye watoto mia na zaidi si ajabu, na kumsikiliza kila mmoja akisoma peke yake ni jambo gumu mno. Nenda saa za kutoka, wala si kwa kulalamika. Mweleze habari ya "kaitai" kama nilivyokueleza. Mwalimu wa darasa la kwanza ataielewa kwa sentensi moja na pengine atagundua wengine watano darasani wenye shida hiyohiyo. Muulize wamefika silabi zipi ili nyumbani msitangulie wala kubaki nyuma, na muombe akuazime kitabu cha kusoma siku za Ijumaa ukirudishe Jumatatu. Muombe pia amkalishe mbele wiki mbili na akuambie kama kuna tofauti.

Hilo la kukaa mbele lina sababu nyingine. Muangalie mwanao nyumbani: je, analeta daftari karibu na pua? Anakunja jicho moja akiangalia mbali? Sikio limewahi kutoa usaha, au ukimuita kwa nyuma hageuki? Sioni dalili hiyo kwenye barua yako, lakini mtoto hawezi kukwambia haoni vizuri kama hajawahi kuona vizuri. Ukikuta lolote kati ya hayo mpeleke kituo cha afya wapime macho na masikio, na usisubiri likizo.